Nchi ya Tano

Mwaka 2013 Risper Mong'ina alikuwa na chumba kimoja mjini Homa Bay, karibu na soko la samaki, ambamo alipiga chapa, kutoa nakala na kuuza kadi za simu. Yeye na mumewe walikuwa wametoka Kisii kutafuta riziki, kama watu wengi wa kwao waliotapakaa kwenye miji ya ziwa. Kwa kuwa alikuwa Msabato, duka lake lilifungwa Ijumaa alasiri na kufunguliwa Jumapili asubuhi, wakati majirani wake wote wamelala au wamekwenda misa. Ndiyo maana Jumapili moja mwanamume mrefu, mwenye bahasha iliyojaa karatasi zilizoandikwa kwa mkono, aliingia kwake na si kwingine.

Alikuwa Daktari Jacktone Omanga, mtoto wa wavuvi wa Sori, aliyerudi nyumbani na shahada ya uzamivu kuhusu mipaka ya Afrika Mashariki. Chuo kikuu kimoja kipya, ambacho wakati huo kilikuwa bango tu na vyumba vitatu vya kukodi juu ya duka la mbolea, kilikuwa kimemwambia aanzishe Idara ya Masomo ya Kimataifa. Mtaala ulitakiwa Nairobi Jumanne.

Mong'ina alipiga chapa kurasa arobaini. Kwenye ukurasa wa tisa akasimama.

"Daktari, umeandika Kenya inapakana na nchi nne."

"Ndiyo. Zihesabu: Ethiopia, Somalia, Uganda, Sudan Kusini."

"Na Tanzania?"

Omanga akazihesabu tena kwa vidole. Kisha akacheka mpaka akaketi juu ya maboksi ya karatasi.

"Nyar Kisii," akamwita kwa Kijaluo, yaani binti wa Kisii, "hiyo si nchi ya nje. Hiyo ni kwa mjomba."

"Watu wa Nairobi hawamjui mjomba wako. Niandike tano?"

"Andika tano."

Mwezi uliofuata Omanga alimwajiri kuwa katibu wa idara. Alisema anataka karibu naye mtu anayejua kuhesabu.

Nimepita kwenye idara za namna hiyo katika nchi kadhaa, na nyingi zina bendera nyingi kuliko vitabu. Hii ilianza bila bendera hata moja. Ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, viti vya kuazima kutoka ukumbi wa Wakatoliki, na ramani ya Afrika ambamo Sudan ilikuwa bado moja. Mong'ina alichora mpaka mpya kwa kalamu ya bluu. Yeye ndiye aliyepanga ratiba na kuandika barua kwa balozi kuomba vitabu. Ubalozi mmoja ulijibu kwa kutuma katoni mbili za vijitabu vya utalii wa milimani. Akavipanga rafuni hata hivyo, ili rafu isikae tupu wazazi wakija.

Mwaka 2017 chuo kilipata majengo yake Migori, upande wa Uriri, katikati ya miwa, na idara ikahamia huko. Hapo ndipo Omanga alipopata wazo lililoifanya idara ijulikane. Wanafunzi wa vyuo vikubwa, alisema, hupelekwa Ulaya kuiona dunia, na sisi hatuna uwezo huo. Lakini nchi ya nje tunayo, tena tunaweza kuiendea kwa miguu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili akaishi wiki tatu na familia ya Tanzania, atazame soko lao, shule yao, jinsi wanavyosuluhisha ugomvi wa mashamba, kisha aandike ripoti. Somo likaitwa Masomo ya Ugenini, na bila kulipita hakuna aliyeweza kuhitimu.

Wanafunzi walipanda gari hadi Kegonga, kwenye soko la Kuria Mashariki. Kutoka hapo walifuata njia ya mahindi hadi kwenye jiwe la mpaka, ambalo wenyeji hunolea panga, na mbele kidogo, upande wa Tanzania, ulikuwa mji wa Mama Nyamusi, yaani boma lake. Huyu ni mjane wa Kikuria mwenye ndugu pande zote mbili za jiwe, na ndiye aliyewagawa wageni kwa jamaa zake. Kuanzia 2018, ukiondoa mwaka wa korona, walivuka wanafunzi mia moja arobaini na wawili.

Mong'ina alikuwa mmoja wao. Mwaka 2019, akiwa amechoka kupiga chapa majibu ya mitihani ambayo yeye angeyaandika vizuri zaidi, alijiandikisha masomo ya jioni katika idara yake mwenyewe. Mwaka 2023 alichukua likizo yake yote na kwenda kwa Mama Nyamusi. Ilipofika Oktoba 2025 alikuwa na miaka arobaini na tisa, alama zote zilikuwa zimekamilika, na mahafali yalikuwa Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Alikuwa ameichagua siku hiyo mwenyewe wakati wa kuandika kalenda ya chuo, na alikuwa ameangalia jua linazama saa ngapi.

Ndipo wakaguzi wa vyuo vikuu wakaja.

Walikuwa watatu, wakiongozwa na Profesa Okari, mtu mwembamba aliyekataa soda na keki akaomba maji ya moto. Siku nzima ya Jumatano walisoma mafaili. Saa tisa alasiri Okari akavua miwani.

"Daktari Omanga, hili somo la Ugenini limenifurahisha. Sijaliona mahali pengine. Naomba vibali."

"Vibali gani, Profesa?"

"Vya kuvukia. Pasipoti, kibali cha muda, hata karatasi yenye muhuri. Vijana mia moja arobaini na wawili wameishi nchi ya nje. Walivukaje?"

"Walitembea."

"Wakapitia wapi?"

Omanga akatazama dirishani. "Shambani."

Mhadhiri mmoja akakohoa. Okari akasubiri amalize.

"Wewe si ndiye uliyeandika tasnifu kuhusu mpaka huu?"

"Ndiyo. Kurasa mia tatu na kumi."

"Na hukutaja kituo cha mpakani cha Isebania?"

"Nimekitengea sura nzima," Omanga akasema kwa sauti ya chini.

Mong'ina alikuwa mlangoni na birika. Baadaye aliniambia kwamba kilichomjia kichwani ni ukurasa wa tisa wa ule mtaala. Daktari na wenzake walikuwa wamesahau Tanzania mara ya pili, na safari hii yeye alikuwa amesahau pamoja nao. Mwaka wa kwanza aliuliza kama wanafunzi hawahitaji karatasi, na wote wakamcheka: kwenda kwa shemeji kunahitaji karatasi? Akaacha kuuliza. Miaka mitano baadaye naye akapita kwenye lile jiwe akibeba sukari ya mwenyeji wake, bila wazo lolote.

"Mimi si polisi wa mpaka," Okari akaendelea. "Hayo mtayamaliza na wanaohusika, na nawashauri myamalize. Shida yangu ni nyingine. Sina ushahidi kwamba mtu yeyote alikwenda popote. Ripoti kama hizi mtu anaweza kuziandika akiwa kitandani Migori. Na msiniletee picha za simu."

"Zina nini?"

"Nimeziona. Ni mahindi. Mahindi hayana uraia."

Akaeleza kwa upole, na upole wake ndio uliowatisha. Bila ushahidi, somo lingefutwa kwa wote. Bila somo hilo hakuna shahada, si kwa waliokwisha kuhitimu wala kwa wanaosubiri Desemba, na idara isingeruhusiwa kupokea mwanafunzi mwingine. Yeye na wenzake wangekuwa Homa Bay kukagua mahali pengine hadi Jumatatu. Siku hiyo, saa sita mchana, angerudi kufunga ripoti.

Mong'ina alimsindikiza hadi kwenye gari. Okari akamsemesha kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, akimuuliza kwao ni wapi.

"Profesa, leo tuongee Kiswahili," Mong'ina akasema. "Nikipita, sitaki mtu aseme tuliongea pembeni."

"Ukipita? Kwani wewe pia ni mwanafunzi?"

"Namba thelathini na nne kwenye orodha yako."

Okari akaingia garini akiitafuta namba hiyo kwenye orodha.

Alhamisi ilipotea kwenye simu. Waliohitimu zamani walitafutwa Nairobi, Mombasa na Dubai, na kila mmoja alikuwa na hadithi ndefu ya ugenini, lakini hakuna aliyekuwa na karatasi. Hata simu zao hazikusaidia, kwa maana mtandao wa Kenya hufika hadi jikoni kwa Mama Nyamusi. Omanga alipendekeza barua kutoka kwa wenyeji. Mong'ina akamuuliza ni nani angeamini barua zilizoandikwa jana. Omanga akaegemeza kichwa kwenye ile ramani ya zamani.

"Nyar Kisii, niliwafundisha mambo ya Geneva nikashindwa na ya Kegonga."

"Daktari, kunywa chai."

Ijumaa saa nane mchana Mong'ina alikuwa nyumbani, akiandaa Sabato kama kila wiki: chakula kipikwe mapema, nguo zipigwe pasi kabla ya jua kuzama. Alikunjua gauni lake jeupe lenye maua ya zambarau akakumbuka mara ya mwisho alipolivaa ng'ambo. Alikumbuka akisimama na watu wakigeuka kumtazama. Pasi ikatulia juu ya kitambaa. Ndiyo maana, ukiliangalia gauni hilo leo, utaona alama ya kahawia karibu na pindo.

Akampigia Mama Nyamusi.

"Mama, yule karani wa kanisa lenu bado anaandika wageni?"

"Mzee Maranga? Anaandika hata mbwa akikufuata mlangoni. Kwani vipi?"

"Na vitabu vya zamani?"

"Ameviweka. Yule hatupi hata kizibo. Mbona unahema?"

Katika makanisa ya Wasabato wa huku, mgeni hapiti kimya. Husimamishwa, hutaja jina na anakotoka, hutoa salamu za kanisa lake, na karani huyaandika yote. Na katika mji wa Mama Nyamusi, na kwa jamaa zake karibu wote, siku ya Sabato hakuna aliyebaki nyumbani ila ng'ombe. Mkatoliki, mtu wa kanisa la Roho, asiyeamini chochote, wote walioga na kwenda. Wengi walilalamika. Sasa Mong'ina alimshukuru Mungu kwa ukali wa yule mama.

Kupitia Isebania kungemchelewesha hadi gizani, na Sabato isingemruhusu kuwa njiani. Akapanda pikipiki hadi Kegonga, akakatiza mahindini, na alipofika kwenye jiwe akapita haraka, kwa mara ya kwanza akiona aibu. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu.

Kesho yake kanisani, wageni walipoitwa, alisimama.

"Naitwa Risper Mong'ina, natoka Migori, naleta salamu."

"Amina," kanisa likaitika. Mzee Maranga, karani wa posta mstaafu, akaandika. Alitumia rula. Nyuma yake kulikuwa na kabati la bati, na kupitia mlango wake uliolegea Mong'ina aliona migongo ya vitabu vingine vyeusi. Lakini shughuli za kazi hazizungumzwi siku ya Sabato, na kwa Mzee Maranga hasa usithubutu. Akasikiliza hubiri. Wakati wa chakula cha mchana chini ya turubai, kabati lilikuwa hatua sita kutoka kwake.

"Dada, unakula au unaomba?" Mama Nyamusi akamuuliza.

"Nangoja jua."

"Jua halikimbizwi kwa kutazamwa. Kula maharage."

Jua lilizama, wimbo wa kufunga Sabato ukaimbwa, na kabla viti havijapangwa Mong'ina alikuwa amekwisha kueleza yote. Mzee Maranga alimsikiliza akiwa ameshika funguo.

"Vitabu vipo vyote, dada. Cha mwaka 2019 mchwa walikula jalada, lakini majina hawakuyagusa."

"Naomba niviazime hadi Jumatatu."

"Kitabu cha kanisa hakitoki kanisani."

"Mzee, wanafunzi mia moja arobaini na wawili."

"Nimesikia. Hata wangekuwa elfu. Mwenye uwezo wa kukitoa ni baraza la kanisa, na baraza litakaa kesho asubuhi."

Baraza lilikaa Jumapili kwa saa tatu. Mmoja wa wazee aliogopa serikali ya Kenya isije ikaanza kuwadai majina ya waumini. Mwingine aliuliza kwa nini chuo kizima hakikuwa na daftari. Mong'ina, aliyekaa nje kwenye benchi, alilisikia swali hilo. Mwishowe Mzee Maranga akatoka.

"Wamekubali vitoke, ila visitoke mkononi mwangu. Nitavileta mwenyewe Jumatatu."

"Twende wote leo, Mzee. Njia naijua."

"Na mimi naijua," Maranga akasema. "Nenda. Nitafika."

Akarudi Migori mikono mitupu, akiwa na ahadi tu.

Jumatatu saa sita kamili Okari aliweka saa yake ya mkononi mezani. Omanga alieleza habari za vitabu. Okari akasema vitabu ambavyo havipo mezani ni hadithi. Saa sita na robo Mong'ina alipiga simu ya Maranga, ilikuwa imezimwa. Saa sita na nusu mmoja wa wakaguzi akaanza kufunga mkoba. Mong'ina alisimama dirishani, akijaribu kukubali kwamba Ijumaa ya kwanza ya Desemba angekuwa akiwagawia wengine maji. Anasema kilichomuuma zaidi ni kwamba tayari alikuwa amewaza ni wapi pa kuketi kwenye ukumbi.

Saa saba kasoro dakika kumi pikipiki ikaingia getini. Nyuma yake aliketi mzee mwenye suti nyeusi iliyogeuka nyekundu kwa vumbi, amekumbatia furushi la kitenge kifuani. Akashuka, akajipangusa, akakataa kusaidiwa.

"Nani hapa ni mkubwa?" akauliza alipoingia.

"Mimi ni Okari. Karibu, Mzee. Umechelewa."

"Nimechelewa kwa sababu nimepita Sirari, upande wetu wa kituo cha Isebania. Foleni ilikuwa ndefu." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa vizuri, akaiweka mezani mbele ya furushi. Ilikuwa kibali cha muda cha kuingia Kenya, na wino wa muhuri ulikuwa bado mbichi. "Hivi ni vitabu vya kanisa. Siwezi kuvipitisha kwa magendo."

Katika historia nzima ya Masomo ya Ugenini, hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza yenye muhuri. Omanga aliitazama jinsi wanafunzi wake walivyoitazama mitihani yake.

Wakaketi. Mong'ina alisoma majina kutoka orodha ya idara, Maranga akafunua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate, na Okari akatia alama. Vitabu vilikuwa na safu tano: tarehe, jina, anakotoka, mwenyeji wake, na maelezo. Safu ya maelezo ilikuwa mali ya Maranga peke yake. *Huyu alisinzia. Huyu ana sauti nzuri. Huyu aliuliza swali baada ya ibada, zuri.* Mwaka 2018 kulikuwa na mstari wa Daktari Jacktone Omanga wa Migori: *Alitoka kabla ya ombi la mwisho.*

"Nilipigiwa simu," Omanga akasema.

"Simu ilikuwa mfukoni," Maranga akajibu bila kuinua kichwa.

Walipofika 2022 Okari akasimamisha kidole.

"Hapa pameandikwa, Frankline, Homa Bay, kanisa la Gor Mahia. Hilo ni kanisa gani?"

"Alisimama akasema analeta salamu kutoka Gor Mahia," Maranga akasema. "Nikalitangaza. Kanisa likasema amina. Mwezi mzima tuliliombea. Ni la dhehebu gani?"

Omanga akaficha uso kwa orodha. Mkaguzi mmoja akatoka nje. Okari mwenyewe alijizuia kwa muda, mabega yakitikisika, halafu akashindwa, akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani na kuifuta kwa tai. Ni timu ya mpira, Mong'ina akamweleza yule mzee kwa heshima zote, ya Wajaluo, na inapendwa sana.

"Ilishinda?" Maranga akauliza.

"Mwaka uliofuata ilichukua kombe, Mzee."

"Basi hatukuomba bure."

Okari akavaa miwani. "Nimekagua vyuo miaka kumi na minane," akasema. "Nimeletewa mihuri iliyochongwa kwa viazi. Mtu anayeghushi haandiki kanisa la Gor Mahia."

Walipomaliza, majina mia moja thelathini na tisa yalikuwa yameonekana. Watatu walikosekana. Wawili walikaa kwa jamaa wa Kikatoliki na kwenda nao misa ya Jumapili, na mmoja, Maranga akakumbuka, alijifungia ghalani akalala. Mama Nyamusi hajamsamehe. Okari akasema hao watatu waandikiwe maelezo na wenyeji wao na yeye atayapokea. Kisha akarudi kurasa chache nyuma, akasoma kwa sauti:

"Risper Mong'ina, Migori. Mgeni wa Mama Nyamusi, wiki tatu. *Ni mwanafunzi, ingawa ni mama. Aliandika kila kitu.*"

Mong'ina akaifunga orodha.

Ripoti ikafungwa saa tisa. Idara iendelee, na shahada zote zitambuliwe, kwa sharti moja: kuanzia sasa kila mwanafunzi apitie kituo cha mpakani na kibali chake kitunzwe na katibu wa idara. Okari akamuuliza Mong'ina kama angependa lisomeke vinginevyo.

"Ongeza daftari," akasema. "Lenye safu tano."

Maranga alikula samaki na ugali ofisini, vitabu vikiwa mapajani, kisha akataka kuondoka mapema ili apite Sirari kabla ya giza. Omanga alimpeleka mwenyewe kwa gari lake. Wasomaji wengi wa ile tasnifu wangeshangaa kusikia kwamba ilibidi mzee amwonyeshe ni dirisha lipi la kupanga foleni.

Sabato iliyofuata, jua lilipozama, simu ya Mong'ina ikalia. Alikuwa Mama Nyamusi, na aliongea kwa sauti ya kushinda ya redio.

"Dada, karani amekutangaza! Baada ya wagonjwa na kabla ya harusi. Amesema vitabu vimerudi salama, na yule mama wa Migori amepita."

"Bado mahafali, mama. Ni Desemba."

"Hayo ni ya kwenu. Hapa kanisa limekwisha kusema amina. Lakini wale vijana wapya sasa watazunguka hadi Sirari? Watafika saa ngapi? Chakula changu kitapoa."

"Kifunike," Mong'ina akasema, akaketi kwenye kiti chake na kucheka peke yake kwa muda mrefu.